Maji ya Mwisho ya Bi Pasi

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Pasi, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa dobi. Si dobi wa mashine na kaunta ya kioo, bali dobi wa karai, waya za kuanikia uani na pasi ya mkaa yenye mpini ulioungua upande mmoja. Alilala katika chumba kimoja, alifulia uani, na mlangoni kati ya viwili hivyo aliweka meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu. Hapo alipiga pasi huku akizungumza na nguo. Shati lisilonyooka alilitukana, likinyooka alilisifu, kisha akalitundika na kuvuta lingine.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja dobi, baada ya mumewe kufariki na kumwachia mtoto wa kiume aliyekuwa bado anatambaa. Mzee alimwonyesha kutenga nguo, kutoa doa la wino, kukaza kola kwa wanga. Lakini kilichompa Bi Pasi sifa hakukipata kwa mzee, kilikuwa chake mwenyewe, nacho ni maji ya mwisho. Nguo ikishafuliwa na kusuuzwa mara mbili, aliitia kwenye ndoo ya bluu iliyokuwa na maji aliyoyachanganya kwa mkono wake: dawa ya kulainisha nguo, matone ya mafuta makali ya kunukia, na wanga kidogo. Baada ya hapo nguo haisuuzwi tena. Inakamuliwa, inaanikwa, na ile harufu inabaki nayo mpaka ivaliwe ichakae.

Aliringa kwa maji hayo, na ubaya uko wapi? Wateja walinusa kwanza ndipo wakahesabu vifungo. Mwalimu mmoja aliapa kwamba wanafunzi wake wanatulia wenyewe akipita kati ya madawati akiwa na shati lililotoka kwa Bi Pasi. Bi Pasi alijua kabisa kwamba mwalimu ametia chumvi, lakini siku ile alimpigia pasi suruali ya pili bila malipo.

Mtoto wake alikua, akawa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache anayejibu swali baada ya kulizunguka kwanza. Alioa binti anayeuza simu dukani, mchapakazi, mwenye ulimi mwepesi kidogo. Wakapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Pasi. Wakajaliwa mtoto wa kike, mdogo na mviringo, Bi Pasi akamwita Kifungo. Mama mtu alinuna mwanzoni kwa sababu alikuwa amechagua jina la maana, halafu siku moja akajikuta anaita Kifungo mwenyewe, na mambo yakaishia hapo.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, Kifungo akawa analetwa kwa bibi yake kila asubuhi. Kwa Bi Pasi hiyo haikuwa kazi ya kulea, ilikuwa deni ambalo maisha yamemlipa. Mwanawe alimlea mgongoni, ameinama juu ya karai, na ukweli ni kwamba uso wa mtoto yule hakupata nafasi ya kuutazama. Huyu sasa alimtazama. Alimweka kwenye kapu la nguo safi, akawa anapiga pasi na kumsimulia wateja wote na tabia zao. Nguo za Kifungo alizifua peke yake, kwa mikono, na maji ya mwisho aliyatia mara mbili ya yale ya wateja, kwani mteja, hata awe bwana harusi, ana haki gani ya kunukia kumshinda mjukuu wake?

Vipele vilianza shingoni. Vyekundu, vidogo, vimekaa pamoja. Bi Pasi akasema ni harara, joto limezidi, akamvua mtoto nguo na kumpepea. Vikashuka tumboni, vikaenda kwapani na nyuma ya magoti, ngozi ikawa kavu na ya kukwaruza. Kifungo alijikuna kwa nguvu ambayo haifanani na umri wake. Alijisugua kwenye kapu, kwenye blanketi, kwenye bega la aliyembeba. Usiku mama yake alimfunga soksi mikononi, na asubuhi soksi zilikuwa na damu.

Hapo kila mtu akawa daktari. Huyu alisema ni meno. Yule alisema ni kunguni, akaja na tochi kuchungulia godoro, asiwaone. Muuza mkaa wa pale kona, jirani asiyeishiwa utani, alisema mtoto anakataa uzee wa bibi yake unaomwingia. Bi Pasi alicheka, akamrudishia kwamba mkaa wake ndio unaotoa moshi wa kuwasha watu wote. Lakini mkwewe hakucheka. Jioni moja alisimama mlangoni, mtoto begani, akayatazama mafurushi ya nguo chafu yaliyopangwa chini ya meza.

"Mama, nguo hizi ni za watu gani?"

"Za watu. Wateja. Unawajua karibu wote."

"Siwajui walivyolala nazo. Mtu mwenye upele akileta shuka yake hapa, wewe utajuaje?"

Bi Pasi aliiweka pasi pembeni. Katika miaka yote ya udobi hajawahi kuambiwa kwamba nyumba yake ni chafu, na sasa ameambiwa na mtu anayemwita mama. Alijibu tu kwamba shuka zote huzichemsha, akampokea mtoto.

Walikwenda zahanati wote watatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango wake. Alimvua Kifungo, akamgeuza, akampapasa, akauliza tangu lini, akauliza kama usiku kuwashwa kunazidi. Kisha akauliza kama kuna mwingine nyumbani anayewashwa.

Bi Pasi aliingiza mikono chini ya mtandio wake. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na vimepasuka katikati, vimemwasha miaka na miaka. Kwake huo haukuwa ugonjwa, ilikuwa kazi, kama fundi viatu alivyo na sugu. Lakini alijua vitaonekanaje mbele ya mkwewe, hivyo alitikisa kichwa kusema hakuna.

"Mama, si vidole vyako vinakuwasha?" alisema mkwewe. "Mwonyeshe daktari."

Alivitoa. Daktari aliviangalia kwa makini, akaangalia tena vipele vya mtoto. Akasema kwa upole kwamba bibi mwenye vidole hivyo na mtoto mwenye vipele hivyo, wanaoshinda pamoja kutwa, humlazimu daktari kwanza aondoe wasiwasi wa upele, ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi. Akaandika dawa ya kupaka kwa wote wa nyumba zote mbili, na nguo zote na matandiko yote yafuliwe kwa maji ya moto. Alisema pia kwamba vipele vyekundu vya kuwasha vina sababu nyingi na zinafanana machoni, kwa hiyo wasipoona nafuu warudi.

Njiani mkwe alimbeba mtoto mwenyewe mpaka nyumbani.

Bi Pasi alifua. Alichemsha kila kitambaa kilichowahi kumgusa Kifungo, akaanika juani, akapiga pasi pande zote mbili. Alifua akilia, kwa sababu aliamini ni vidole vyake vilivyomtia mjukuu wake wadudu. Na kwa kuwa alikuwa anaomba msamaha, akayafanya maji ya mwisho kuwa mazito kuliko siku zote. Mtoto alipakwa dawa, akalia mpaka sauti ikakauka. Wote walipakwa. Baada ya hapo vipele vilizidi.

Waliporudi, daktari alikunja uso akifikiri. Alimfungua mtoto nepi. Ngozi iliyofunikwa na nepi ya dukani ilikuwa safi, laini, haina hata kipele. Hilo lilimshughulisha. Aliuliza nguo za mtoto zinafuliwa kwa sabuni gani, na zinasuuzwaje.

"Sabuni ya mche, ile ya kawaida," alisema Bi Pasi. "Ya unga siitumii kwa mtoto. Nasuuza mara mbili mpaka maji yawe meupe, daktari. Mimi ni dobi, hiyo ndiyo kazi yangu."

Yote hayo yalikuwa kweli. Hakudanganya hata neno moja. Aliulizwa sabuni akajibu sabuni, aliulizwa kusuuza akajibu kusuuza. Ile ndoo ya bluu haikumpitia akilini, kwa sababu kwa dobi kufua kumekwisha pale povu linapokwisha. Kinachofuata ni mapambo, na nani anapoulizwa amepika nini anataja na sahani? Daktari aliandika alichosikia. Akageukia chakula: waondoe mayai kwanza, waangalie, kisha samaki, kisha maziwa ya ng'ombe, kimoja kimoja.

Wakaondoa mayai. Wakaondoa samaki. Wakaondoa maziwa. Kifungo aliacha kuwa mviringo. Shingo ikawa nyembamba, mashavu yakaingia, na vipele vikabaki palepale vikimtazama kila mtu. Mkwe alifika dukani na macho mekundu ya kukesha mpaka bosi wake akamtania kwamba anakunywa. Siku hiyo alirudi, akamkuta Bi Pasi amemlaza Kifungo kwenye kapu juu ya mashuka yaliyotoka kupigwa pasi, mtoto anajikuna usingizini. Akamchukua pamoja na nepi zake.

"Nampeleka kwa mama yangu," alisema. "Usinielewe vibaya."

"Nitakuelewaje vizuri?" aliuliza Bi Pasi.

Mkwe alivuka kizingiti, akaenda zake. Fundi friji alikuja baadaye, akakaa kwenye kigoda, akazungumzia gesi ya friji moja inayovuja, akazunguka weee, mwishoni akasema ni kwa muda tu, Mama, mpaka apone. Mji wa kwao mkwe ulikuwa safari ya kutwa nzima, naye akabaki huko na mtoto.

Kifungo alipona. Hilo ndilo lililomvunja Bi Pasi. Kama mtoto angeendelea kuumwa kule, angelia naye kwa mbali na moyo wake ungekuwa mweupe. Lakini picha zilikuja kwenye simu ya mwanawe: Kifungo kwenye beseni, Kifungo na yai mkononi, Kifungo mviringo tena, shingo laini. Anakula kila kitu. Halali tena na soksi mikononi. Bi Pasi alizitazama picha hizo akatabasamu, akarudisha simu, akaingia ndani na kujifungia. Alifurahi, na furaha yenyewe ikamchoma, kwa sababu maana yake ilikuwa moja tu: mtoto alikuwa akiugua kwa sababu yake.

Mtaa nao una masikio. Wateja wawili watatu walianza kupitia upande wa pili wa barabara na mafurushi yao. Mwalimu alisema amenunuliwa mashine ya kufulia na shemeji yake. Muuza mkaa alikuja na gunia, akaliweka chini, akamwangalia.

"Jikaze kisabuni, dada," alisema. "Wewe hata sabuni unazo nyingi."

"Kaka, nimechoka kujikaza," alisema Bi Pasi, na yule bwana akalibeba gunia mpaka ndani.

Kilichofuata alikifanya kwa mapenzi matupu. Alinunua vitambaa vipya, ambavyo havijawahi kulala chini ya meza na nguo za watu, akamshoneshea Kifungo magauni na shuka ndogo. Alivifua kwenye karai jipya, kwa sabuni mpya. Aliosha mikono kama mtu anayeingia chumba cha upasuaji. Hakutaka hata uzi mmoja wa mteja ugusane navyo. Kisha, kwa kuwa hajui kumtumia mtu nguo isiyonukia, akavichovya kwenye ndoo ya bluu, akavipiga pasi, akavifunga kwa karatasi na kumpa mwanawe apeleke.

Simu ililia jioni, siku moja baada ya mwanawe kufika kule. Alikuwa mkwewe, na nyuma yake mtoto alikuwa analia kilio kile kile.

"Mama, nguo hizi umezitia nini?"

"Sijatia kitu. Ni mpya. Sabuni ya mche tu, nimesuuza..."

"Mama, zinanuka nyumba nzima. Hiyo harufu ni ya nini? Nimemvalisha asubuhi, sasa hivi shingo yote imewaka."

Bi Pasi alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, uso kwa uso na ile ndoo. Akaitazama. 

"Mvue," alisema. "Mvue zote, mwoshe kwa maji matupu. Ni mimi. Ni yale maji ya mwisho."

Kesho yake alikwenda zahanati peke yake, amebeba chupa ya dawa ya kulainishia na kichupa cha mafuta kwenye mfuko wa plastiki. Daktari alisoma maandishi ya nyuma ya chupa, akaishusha taratibu. Alimweleza bila kumkaripia. Watoto wengine wanazaliwa na ngozi kavu, yenye hasira, inayowaka kwa kitu kidogo. Kwa huyu kitu hicho ni manukato na dawa inayobaki kwenye kitambaa, ndiyo maana vipele vilikaa pale nguo inapogusa na jasho linapokaa, na chini ya nepi hapakuwa na kitu. Kwa mwingine ingekuwa chakula kweli, au wadudu kweli. Wekundu ni mmoja, alisema, milango yake mingi, nami niligonga mingine kwanza. Akamwomba mikono yake tena. Vidole hivi navyo, bibi, havikuwa na upele. Ni maji yaleyale, miaka yote hiyo.

"Ungeniambia kuna maji mengine baada ya kusuuza," alisema daktari, kwa masikitiko zaidi ya lawama.

"Uliniuliza sabuni, mwanangu."

Daktari aliinamisha kichwa. Nje, foleni ilikohoa.

Ndoo ya bluu alimpa muuza mkaa akanyweshee mbuzi, baada ya kuisugua kwa mchanga. Tangu siku hiyo nguo za Bi Pasi hazikunukia kitu ila jua. Wateja waliobaki walinusa, wakamtazama, wakanusa tena. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba kazi imeshuka. Bi Pasi alijitia hamnazo. Alifua chumba chake chote, kuta kwa tambara, blanketi la meza, kapu, mapazia, mpaka akiingiza uso kwenye mto wake mwenyewe hasikii kitu. Vidole vyake vikapona. Akaiandaa nyumba kwa ajili ya mtu mmoja, akangoja.

Mkwe aliomba radhi kwenye simu, kwa kweli aliomba, alilia. Alisema yale maneno ya mashuka ya watu hayamtoki kichwani. Bi Pasi alimwambia yamekwisha, mwanangu, hata mimi ningesema. Na yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na mwenzake. Ila mkwe alikuwa ameshapata kazi kule, duka kubwa zaidi, na mama yake mzazi yuko karibu. Mafriji yanaharibika kila mji, basi fundi naye akafungasha vifaa vyake akamfuata mkewe. Alimuaga mama yake kwa kuzunguka sana. Alisema watakuja. Barabara ilikatika kwa mvua, kisha ikawa zamu ya kazi, kisha mtoto akapata homa, kisha nauli. Kila sababu ilikuwa ya kweli.

Walikuja Kifungo akiwa na karibu miaka mitatu. Bi Pasi aliamka alfajiri akaoga kwa maji matupu, hakupaka mafuta ya nywele, akavaa gauni alilolisuuza mpaka mikono ikachoka. Alisimama mlangoni. Wakashuka, mwanawe amebeba begi, mkwewe amemshika mtoto mkono. Shingo ya Kifungo ilikuwa laini, nyeusi, inang'aa, haina hata alama. Bi Pasi aliitazama shingo hiyo kwanza, kabla hajautazama uso.

Akachuchumaa, akafungua mikono. Mtoto akarudi nyuma ya sketi ya mama yake.

"Nenda, mama," mkwe alimsukuma kidogo. "Si unamwona bibi? Nenda kwa bibi."

Kifungo alichungulia. Alimkagua yule mwanamke aliyechuchumaa, kwa makini, bila woga, kama mtu mwenye adabu anayetaka kusahihisha kosa.

"Bibi yuko nyumbani," alisema.

Mkwe akaweka mkono mdomoni. Fundi friji akalitazama begi lake. Bi Pasi alibaki amechuchumaa, mikono yake safi ikiwa bado imefunguka, akaona uso wa mtoto unaanza kukunjika kwa kudhani amesema vibaya. Hakutaka alie, si mbele yake, si tena.

"Ni kweli, mwanangu," alimwambia. "Bibi yuko nyumbani. Karibu ndani, nikupe maji ya kunywa."